Saa za Kazi Isiyo na Tarehe ya Mwisho

Nyumbani kwangu Muheza ninazo kazi mbili ambazo hakuna anayenidai. Ya kwanza ni kusuka mikeka ya ukindu. Ya pili ni kukusanya maneno ya Kibondei kutoka kwa wazee: majina ya miti, ya vyakula, ya sehemu za nyumba za zamani, ya desturi ambazo vijana wetu hawakuzikuta. Mchana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na shule ina kengele, ina mihula, ina mitihani ya taifa. Mikeka na maneno havina kengele. Nikiviacha leo, hakuna mkuu wa shule atakayeniita ofisini. Hata hivyo ni kazi, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiandika kwenye kaunta buku saa ninazotoa kwa kila moja.

Naamini wengi wenu mnazo kazi za namna hii. Yupo anayejenga nyumba chumba kwa chumba, kadiri tofali zinavyopatikana. Yupo anayehifadhi Kurani juzuu baada ya juzuu, watoto wakishalala. Yupo anayejifunza kupiga udi, anayeandika historia ya ukoo wake, anayepanda miti ya matunda kijijini kila anapopata likizo. Kazi hizi hujirudia na hazina siku ya kukabidhi, na kwa hiyo hesabu yake hupotea. Mwulize mwenye kazi alianza lini, atakumbuka. Mwulize ametumia saa ngapi mpaka leo, atakutajia namba ya kukisia au atanyamaza.

Ushauri tunaopewa mara nyingi ni kujiwekea tarehe: mkeka uishe kabla ya Idi, maneno elfu yapatikane kabla ya Desemba. Sikubaliani nao. Kazi ya hiari ukiibunia tarehe unaigeuza deni. Idi ikifika mkeka ukiwa nusu, utajiona umeshindwa, ingawa kila wiki ulikaa ukasuka. Tena tarehe yenyewe huwa ya kubahatisha, maana binadamu si hodari wa kukisia muda wa kazi yake mwenyewe. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliiandikia tabia hiyo mwaka 1979. Mwaka 1994 wenzao watatu, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross, wakachapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani wanafunzi hao walikisia kwamba wangemaliza kwa siku 33.9. Walimaliza kwa siku 55.5. Na hao walikuwa na chuo kinachowasubiri. Sisi wa mikeka tunasubiriwa na nani?

Kwa kuwa nakusanya maneno, huwatazama sana watunga kamusi. James Murray alipokubaliana na wachapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1879 kuhariri kamusi kubwa ya Kiingereza, makubaliano yalikuwa miaka kumi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1884, sehemu ya kwanza ilipotoka, herufi A ilikuwa haijaisha. Murray alifariki mwaka 1915, na kamusi ikakamilika mwaka 1928. Huku pwani yetu, mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kuandika maneno ya Kiswahili. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, na yeye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Murray alikuwa na tarehe na haikumsaidia kitu. Kilichozifikisha kamusi hizi mwisho ni watu kurudi mezani, tena na tena, na karatasi zao zikiwa zimepangwa kiasi kwamba mwingine aliweza kuendelea pale walipoishia.

Mrusi na Mwingereza

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoufahamu ni wa mwanabiolojia Mrusi Aleksandr Lyubishchev. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1890. Kuanzia mwaka 1916 hadi alipofariki mwaka 1972 aliandika jinsi muda wake ulivyotumika: kitabu gani alisoma, barua gani alijibu, wadudu gani alichunguza, na kila jambo lilimchukua saa ngapi na dakika ngapi. Ni miaka 56, na ndani yake mna mapinduzi na vita viwili vya dunia. Alihesabu muda halisi tu. Akisimama kupumzika, dakika za kupumzika hazikuingia. Mwisho wa mwezi alijumlisha, mwisho wa mwaka akajumlisha tena, na mpango wa mwaka mpya aliujenga juu ya hesabu hizo. Mwandishi Daniil Granin alimwandikia kitabu kilichotoka mwaka 1974, na ndicho kilichomfanya ajulikane nje ya fani yake.

Lyubishchev hakumaliza kazi yake kuu, ya kutafuta msingi wa kuwapanga viumbe hai katika makundi yao. Wapo wanaolihesabu hilo kuwa doa katika utaratibu wake. Mimi naliona tofauti. Mtu aliyejitwika kazi kubwa kuliko umri wake, akaiandikia kila saa aliyoitoa, alijua siku zote yuko wapi katika kazi hiyo. Alijua ukurasa mmoja wa kitabu kigumu humchukua muda gani, kwa sababu miaka iliyopita ilikuwa imekwisha kumwambia. Hapo ndipo daftari linapoishinda tarehe: linakupa kipimo kilichotoka kwenye mikono yako mwenyewe.

Wa pili ni mwandishi wa riwaya Mwingereza, Anthony Trollope, aliyekuwa mtumishi wa Posta. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya kuamshwa na mtumishi mzee aliyelipwa pauni 5 zaidi kwa mwaka kwa kazi hiyo na ya kumletea kahawa. Aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Alikuwa na daftari lililogawanywa kwa wiki, na kila siku aliandika idadi ya kurasa, hivyo siku ya uvivu ilimtazama usoni. Aliacha riwaya 47. Karibu nusu ya riwaya hizo aliziandika akiwa bado ana ajira, na alfajiri yake ilikuwa imekwisha kabla ya ofisi kufunguliwa.

Sisi watu wa Tanga tuna wa kwetu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Machui, alikuwa karani wa forodha kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, kisha akatumikia ofisi nyingine za serikali. *Kusadikika* ilipochapishwa mwaka 1951 alikuwa bado mwajiriwa. Mwenye mwajiri, muda wake wa kalamu ni ule unaobaki. Ninapowaeleza wanafunzi wangu habari zake, sehemu hii hunigusa kuliko sifa zote anazopewa.

Namna ninavyoandika

Daftari langu ni kaunta buku la kwaya mbili, la dukani, lenye mistari. Nimelipiga safu sita: tarehe, kazi, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, dakika, na safu pana ya mwisho niliyoiita nilipoishia. Dakika nazikata kwa tano-tano. Lyubishchev mwenyewe hakushughulika na sekunde, na asiye na maabara ana haja gani nazo? Jambo moja tu silegezi: mstari huandikwa pale pale kazi inapowekwa chini, kabla sijainuka kwenda jikoni. Anayengoja mpaka asubuhi ataandika kumbukumbu, na kumbukumbu huongeza saa za kazi tuzipendazo na kupunguza za kazi zituchoshazo.

Kuhusu saa, chagua hesabu moja ushikamane nayo. Simu inaonyesha 20:15 na mdomo unasema saa mbili na robo usiku. Ukichanganya hizo mbili katika daftari moja, baada ya miezi mitatu hutajua ile saa mbili ilikuwa ya asubuhi au ya usiku. Mimi huandika saa yetu na herufi pembeni: A kwa asubuhi, M kwa mchana, U kwa usiku. Tarehe nayo ina mtego wake, kwa kuwa wazee wetu huanza siku jua linapotua, na wengi wetu bado tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa. Nikisuka Alhamisi baada ya magharibi, naandika Alhamisi. Mwingine anaweza kuandika Ijumaa; la msingi ni asibadilishe katikati ya mwaka.

Safu ya nilipoishia ndiyo inayobeba daftari zima. Kama mtu atachoka na safu nyingine zote akabakiwa na hiyo, bado atakuwa amepata faida kubwa. Kazi yenye tarehe huishi kichwani mwa mwenyewe, kwa sababu ya hofu. Kazi isiyo na tarehe huondoka kichwani kabisa. Unaiweka chini Jumapili, unaingia kwenye usahihishaji wa madaftari, mtoto anaugua, mwezi unapita. Siku ukirudi, nusu saa ya kwanza inaliwa na kutafuta: nilikuwa nimefika wapi, rangi ile niliichanganyaje, yule mzee aliniahidi nini. Nusu saa hiyo ndiyo huwafanya watu waache. Hawaichoki kazi, wanauchoka mlango wa kuingilia.

Ndiyo maana naandika kama ninamwachia maagizo mtu mwingine. Mstari wa mkeka unaweza kusomeka hivi: «Ukili mwekundu na mweupe, pima ya nne imefika nusu. Ukindu mwekundu umebaki kidogo, chovya mwingine kabla ya kuendelea. Sindano ya kushonea iko kwenye kopo la chai.» Na mstari wa maneno: «Mzee wa Mkuzi, sehemu za nyumba. Tumefika paa. Uliza jina la kamba ya kufungia fito. Asubuhi anachoka, nenda alasiri.» Nikirudi baada ya wiki sita, nasoma mstari mmoja na mikono inajua pa kuanzia.

Shangazi na pima zake

Shangazi yangu, aliyenifundisha kusuka, hana habari na saa. Yeye huhesabu pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na ukili wake huuviringisha na kuutundika ukutani. Siku moja nilipita kwake jioni.

«Shikamoo shangazi.»

«Marahaba mwanangu. Umesuka jana?»

«Nimesuka, saa moja na nusu.»

«Sijakuuliza umekaa muda gani. Nimekuuliza umesuka kiasi gani.»

Swali lake ni zito, na watu wanaohubiri kuhesabu saa hulikwepa. Mtu anaweza kukaa saa tatu mbele ya kazi yake na asiisogeze hata kidogo. Trollope alilijibu kwa kuweka saa na kurasa pamoja. Mimi kwa mkeka nafanya vivyo hivyo, naandika dakika na pima. Kutokana na hizo mbili najua kwamba pima moja ya ukili mwembamba wa rangi mbili hunichukua zaidi ya saa mbili, na kwamba nikisuka huku tunazungumza barazani pima inakuwa ndefu zaidi ila jioni inakuwa tamu zaidi. Zote mbili ni habari za kweli, na sijafikiria kuacha mazungumzo.

Lakini kipimo cha shangazi hakifai kwa maneno ya Kibondei. Alasiri nzima kwa mzee inaweza kunipa maneno matatu, na moja kati ya hayo likawa jina la chombo ambalo hakuna mtu mwingine katika kijiji kile anayelikumbuka. Alasiri nyingine inanipa maneno arobaini ambayo ninayo tayari. Ningehesabu maneno tu, ningewakimbilia wasemaji wepesi na kuwaacha wazee wanaopumua polepole. Kwa hiyo kwenye maneno nahesabu saa, na naandika nilikaa na nani. Kila kazi ichaguliwe kipimo chake, na mwenye kazi ndiye anayejua.

Kuandika nilikaa na nani kumenipa kitu ambacho sikukitafuta. Nilipojumlisha kwa majina, niliona saa nyingi zimekwenda kwa wazee wa karibu na barabara, wenye viti vizuri na chai. Wale wa mbali, na ndio wenye umri mkubwa zaidi, walikuwa na mistari michache. Nilisema kazi hizi hazina tarehe. Ya maneno inayo, ila imefichwa. Mzee akiondoka, maneno yake hayasubiri muhula ujao. Tangu hapo naanza na wa mbali.

Kwenye mikeka, hesabu ya saa ilinifunulia jambo la fedha. Mkeka hauanzi kwenye kusuka. Kuna kukata makuti machanga ya mkindu, kuyaanika mpaka yawe meupe, kuyachana, kuchemsha rangi, kuanika tena, kulowesha ili ukindu ulainike. Ndipo unasuka ukili, unashona ukili kwa ukili, unatia pindo. Karibu theluthi ya saa zangu za mkeka hupita kabla ya msuko wa kwanza. Sasa nenda sokoni umsikilize mama anayeuza. Atajumlisha gharama ya ukindu, rangi na nauli, aongeze kidogo, na mnunuzi atamwambia, «Mama, si majani tu haya?» Yule mama hana la kujibu, kwa sababu saa zake hazijaandikwa popote. Angekuwa na mstari wa kila jioni, angeweza kumtajia mnunuzi saa za mkeka ule, moja baada ya moja. Sisemi kwamba mnunuzi angelipa zote. Nasema muuzaji angejua anapunguza nini anapopunguza.

Serikali yenyewe ilitambua kwamba muda wa namna hii haupaswi kupotea kimya. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliingiza maswali ya matumizi ya muda katika utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2006, na tena mwaka 2014, na ilidhihirika kwamba wanawake ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi za nyumbani zisizolipwa. Takwimu za taifa ni za taifa. Daftari la nyumbani linamhusu mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kulitumia kesho asubuhi.

Miraba thelathini

Muheza ni nchi ya mkonge. Zao hilo lililetwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na vizazi vya watu vimemalizia nguvu zao katika mashamba hayo. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Kibarua alipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye miraba 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa, mraba mmoja ulitiwa alama, na mshahara ulilipwa miraba yote ilipojaa. Siku ya ugonjwa haikuwa na alama. Siku uliyoshindwa kumaliza sehemu uliyopimiwa haikuwa na alama. Kwa hiyo mwezi wa kibarua ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa kalenda, na shamba ndilo lililofaidi tofauti hiyo. Siisifu kadi ile. Ilikuwa hesabu ya muda wa mtu iliyoshikwa na mkono wa mtu mwingine.

Hata hivyo nimeichukua miraba yake nikaitia katika daftari langu, na nimeichukua nikijua ilikotoka. Mwanzo wa kila kazi nachora miraba 30, na kila saa iliyotimia natia alama mraba mmoja. Ikijaa kwa mwezi, ni sawa. Ikijaa kwa miezi mitano, ni sawa vilevile. Saa iliyokwisha kutiwa alama haifutiki. Safari hii kadi ni yangu, anayepima kazi ni mimi, na anayetia alama ni mimi.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu programu nyingi za simu zinatufundisha kinyume chake. Zinahesabu siku mfululizo. Umefanya siku ishirini, hongera. Umeruka moja, namba inarudi sifuri. Huenda hesabu hiyo inamfaa mtu anayeishi peke yake mahali ambapo jirani hafi na binamu haoi. Kwetu msiba ukitokea utakaa matanga, utapika, utalala kwenye mikeka ya watu. Harusi ikifika utakuwa jikoni tangu alfajiri. Hayo ni maisha yenyewe, na hesabu inayomwadhibu mtu kwa kwenda kuzika ni hesabu mbaya. Saa zilizojumlishwa hazimwadhibu mtu. Zinamsubiri arudi.

Programu zinazofanya kazi ya kupima tu, zenye kifungo cha kuanzia na cha kumalizia, sina ugomvi nazo. Anayeshinda kwenye kompyuta zitamrahisishia kazi. Mikono iliyotiwa rangi ya ukindu haigusi simu. Kuna pia njia ya dakika 25 aliyoibuni Francesco Cirillo alipokuwa mwanafunzi nchini Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: unafanya kazi dakika 25, inalia, unapumzika dakika tano. Ninaitumia ninaponakili maneno mezani, na inafaa. Kwa mzee anayesimulia haifai hata kidogo. Huwezi kumkatiza mzee kwa kengele.

Kusoma ulichoandika

Daftari lisilosomwa ni mzigo tu. Mwisho wa mwezi nakaa na kikokotoo, najumlisha dakika za kila kazi, naandika jumla kwa wino mwekundu. Kulinganisha mwezi na mwezi, nimeona, kunapotosha. Masika ya Machi hadi Mei ukindu hauaniki, unaota ukungu, hivyo saa za mikeka hushuka. Na ndizo siku ambazo wazee wamekaa ndani na wana nafasi ya kuzungumza. Likizo za Juni na Desemba kila kitu hupanda. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda, kwa hiyo hata Aprili mbili si sawa. Linganisha masika na masika, vuli na vuli, Ramadhani na Ramadhani. Kazi ya mtu wa pwani ina majira, na hesabu iyafuate.

Jumla hizo pia hukuambia ni kazi ipi imekufa. Nilikuwa na kazi ya tatu, kudarizi vitambaa vya meza. Misimu miwili ikapita bila mstari hata mmoja, wala sikuona kiu yake. Nikapiga mstari chini yake, nikaandika «imefungwa», nyuzi nikampa binti wa dada yangu ambaye sasa anadarizi vizuri. Kufunga kazi kwa uamuzi ni heshima kwa kazi na kwa mwenyewe. Kuiacha ining'inie ukutani ikikutazama kila siku ndiko kunakochosha. Lakini tofautisha iliyokufa na inayosubiri jua. Ukili uliokaa masika yote bila kuguswa bado ni hai.

Yapo mambo ambayo sijayaandikia saa na sitayaandikia. Muda ninaokaa na mama yangu hauna safu. Sala haina safu. Kumsuka nywele mwanangu hakuna safu, ingawa huchukua muda mrefu kuliko pima ya ukili. Daftari ni la kazi ambazo zingepotea bila kuandikwa. Yale ambayo hayapotei, yaacheni yalivyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una kazi yako isiyo na tarehe, usiitafutie tarehe. Nunua daftari, au tumia kurasa za nyuma za daftari la mtoto lililobaki mwisho wa muhula. Chagua kazi moja tu kwa kuanzia. Leo ukiiweka chini, andika tarehe, ulipoanza, ulipomaliza, na mstari mmoja wa ulipoishia, uandike kana kwamba atakayeusoma hakuwapo. Endelea mpaka mwisho wa mwezi, ndipo ujumlishe. Na kama nyumbani kwenu, au jirani, yuko mzee anayeyajua majina ya vitu ambavyo nyinyi hamvijui, naomba kazi hiyo iwe ya kwanza kwenye daftari lako. Nenda wiki hii, alasiri, na kalamu mbili, maana moja huisha wino.